Mkia wa Twiga Mzima

Neno lenyewe ni nyara. Nimelijua tangu utotoni, na nyie mnalijua: ndege inatekwa nyara, mtoto wa tajiri anatekwa nyara, wazazi wanapigiwa simu. Kwa hiyo mchana ule baba mdogo aliponipigia akihema, mtandao ukikatika-katika, nikaokota "baba yako", nikaokota "nyara", nikaokota "Sitalike", nilielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Niliacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani, nikatoka barabarani hapa Makanyagio nikipiga kelele kwamba baba yangu ametekwa.

Majirani wakajaa. Mama muuza chipsi akasema watekaji huwa hawaui mpaka wasikie mtu ana kitu gani, mwingine akasema tusipokee simu yoyote ngeni. Mume wangu, mtu wa kufikiri polepole mpaka unatamani umsukume, akauliza swali moja tu: nani atahangaika kumteka mzee wa miaka sabini na kitu anayenukia maziwa ya ng'ombe? Nikamwambia anyamaze, baba si wake. Nikapanda bodaboda mpaka polisi.

Nilimweleza askari wa mapokezi kwamba nimekuja kuripoti utekaji. Akavuta kitabu, akaniuliza jina la aliyetekwa. Nikalitaja. Aliandika nusu, kalamu ikasimama, akainua uso.

"Mama," akasema, "huyu hajatekwa. Huyu tunaye sisi."

Nilikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Askari yule alikuwa kijana mpole, sina ubaya naye mpaka leo. Alinieleza kwamba mzee amekamatwa na nyara za serikali. Nikamuuliza serikali inatekwaje nyara. Hakucheka. Akasema katika sheria ya wanyamapori nyara ni kitu chochote cha mnyama wa porini, iwe pembe, ngozi, jino, nyama au mkia, na kitu hicho ni mali ya serikali hata kama kimelala nyumbani kwako miaka yote. Nikamuuliza sasa baba yangu amekutwa na nini. Akasema mkia wa twiga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa usinga wake.

Usinga huo nimeukuta nilipozaliwa. Ni mkia mweusi wenye nywele nene ngumu, mpini wake umevishwa ngozi ya ng'ombe iliyong'aa kwa kushikwa. Ulikuwa wa babu, aliyekuwa kiongozi wa ngoma huko usukumani. Babu alipokufa akaushika baba, na ukoo ulipohama na ng'ombe kushuka huku Mpimbwe, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, ulikuja pamoja na mitungi na vigoda. Binti wa ukoo akiolewa, mwenye usinga anauchovya kwenye maji na kumnyunyizia kichwani. Mimi nilinyunyiziwa. Wiki ile mwanangu wa kwanza alikuwa anaolewa Jumamosi, na baba alikuwa ametoka kijijini kwake Majimoto kuja kumnyunyizia mjukuu wake.

Baba mdogo, aliyekuwa naye safarini, alinisimulia baadaye. Gari lilisimamishwa kwa ukaguzi Sitalike, pale unapotoka porini. Watu walikuwa wakifungua mabegi yao. Baba hakuwa na begi. Usinga ulikuwa mapajani pake, wazi, kama mwingine anavyopakata kuku. Mkaguzi akamuuliza hiki nini. Jamani, baba yangu anapenda kuulizwa! Akamwambia ni mkia wa twiga, wa baba yake, na akamkabidhi kwa mikono miwili ili ausikie uzito.

Pale polisi niliuliza kosa hilo faini yake ni kiasi gani nikalipe, maana nyumbani nimeacha wageni. Askari akasema si kosa la faini ya hapa kaunta. Akasema linaangukia kwenye uhujumu uchumi. Mungu anisamehe, nilicheka. Uhujumu uchumi tunausikia redioni, ni kesi ya watu wa suti, watu waliokula mradi wa maji au wa barabara. Baba yangu uchumi ataufikia wapi auhujumu? Hajawahi kuwa hata na akaunti ya benki. Askari aliningoja nimalize kucheka, halafu akaniruhusu nimpelekee chai.

Kwetu mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo ndugu wote waliniangalia mimi. Wananiita mwanasheria kwa utani, kwa sababu ya mdomo wangu. Niliambiwa yuko wakili, dada mmoja mdogo kuliko mimi, mwenye chumba cha ofisi karibu na stendi. Nikaenda nikidhani ninajua ninachoenda kuuliza. Nilidhani makosa yana saizi kama viatu, dogo, la kati, kubwa, na usinga utakuwa wa saizi ya mtoto.

Wakili akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Kuna makosa, alisema, ambayo sheria imeyawekea dari tu. Inasema adhabu isizidi hapa, na hakimu akiona mvi za mtu anaweza kushuka mpaka faini, mpaka onyo. Na kuna makosa ambayo sheria imeyawekea sakafu. Hapo hakimu hata akitokwa na machozi hawezi kushuka chini yake. Nikamuuliza la baba lina nini.

"Lina sakafu," akasema. "Miaka ishirini."

Nikamwambia haiwezekani, kwa usinga? Akasema si kwa usinga, ni kwa twiga. Yupo mtaalamu wa wanyamapori anayekitazama kielelezo na kuandika thamani yake, na mtaalamu haandiki thamani ya mkia. Anaandika twiga mmoja mzima aliyeuawa, kwa sababu hakuna twiga aliyeacha mkia akaenda zake. Na thamani ya twiga mzima ndiyo inayoipandisha kesi mpaka huko iliko. Kweli, twiga haachi mkia.

Nikasema basi huyo twiga alikufa kabla sijazaliwa, huko mbali, na aliyemuua hata haijulikani ni nani. Wakili akasema sheria haiulizi twiga alikufa lini, inauliza kibali kiko wapi. Lakini hayo ya babu na urithi, akasema, yanaweza kusemwa kwenye utetezi, na hapo tunaweza kupigana. Ila ili tufike kwenye utetezi ni lazima siku ya kujibu shitaka mzee aseme si kweli. Akikubali kosa, mlango unafungwa, na hata rufaa inabaki nyembamba. Alirudia mara mbili, akihakikisha nimeshika. Nilishika. Kesi yote ya baba yangu ilikuwa imening'inia kwenye maneno mawili.

Siku ya kwanza mahakamani tulienda ukoo mzima, na kina mama wenye vitenge vya harusi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa nguo zao nzuri. Baba alipanda kizimbani akamwamkia hakimu kwa Kisukuma, mwangaluka, kama anaingia kwenye boma la mtu. Hakimu akaitikia kwa kichwa. Karani akasoma shitaka, reeefu, na ndani yake mkawa na twiga mmoja mzima. Halafu hakimu akamwambia baba kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama ile bado haijapewa mamlaka ya kuisikiliza kesi yake, kibali kinasubiriwa kutoka kwa mkurugenzi wa mashtaka.

Baba akanyoosha mkono. Akaambiwa ashushe. Akanyoosha tena. Mtu amesomewa jambo lake mbele ya watu na anaambiwa asijibu, kwake hayo yalikuwa matusi. Wakampeleka mahabusu.

Basi tukaanza kwenda na kurudi. Kila tukifika tunaambiwa upelelezi haujakamilika, tunapewa tarehe nyingine, na mimi narudi kwenye cherehani na hasira yote inaishia kwenye mguu unaokanyaga. Harusi tuliisogeza mara moja, halafu upande wa mume wakasema vyakula vitaharibika, tukaifanya. Binti yangu aliolewa bila kunyunyiziwa. Shangazi mmoja alichovya tawi la mti kwenye maji akamgusa nalo kichwani, na wote tukajifanya hatuoni kwamba ni tawi.

Kuhusu dhamana nilipigana, jamani nilipigana. Wakili akaomba, na masharti yakaja: dhamana ya mali isiyohamishika yenye hati. Nikampigia baba mdogo Majimoto. Akasema hakuna shida, anazo ng'ombe za kutosha, azilete? Nikamwambia wanataka isiyohamishika. Akasema basi ataziswaga polepole. Nikamwambia baba mdogo, ng'ombe zina miguu, wanataka kitu kisicho na miguu, chenye karatasi ya serikali. Akasema shamba la mpunga halina miguu. Nikamuuliza hati iko wapi. Akasema watu wote wa Majimoto wanajua ni letu. Nilikata simu nikalia, kisha nikampigia tena kumwomba radhi, maana ni baba yangu vilevile.

Nyumba tunayokaa sisi ni ya kupanga. Kwa hiyo mwanaume mwenye zizi linalojaa vumbi jioni alikaa mahabusu kwa kukosa karatasi moja, na sikuwa na la kufanya.

Kibali cha mkurugenzi wa mashtaka kilifika wakati wa mvua. Wakili akanipigia kuniambia kwamba tarehe inayofuata mzee atasomewa shitaka na safari hii ataulizwa. Akanituma nikamwandae. Alikwisha kwenda mwenyewe, akasema, lakini mzee alimsikiliza kwa heshima nyingi na anahofia hakuelewa. Nilijua ameelewa. Baba akikuheshimu sana ujue amekataa.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu, la sivyo mtamwona baba mjinga, na yeye si mjinga. Kwetu mtu akikosa, wanaume wa kijiji wanakaa mkutano. Anaulizwa, ni kweli? Anayekubali upesi wanamtoza kidogo, labda ng'ombe mmoja, anachinjwa, watu wanakula, na yeye anakula nao, jambo limekwisha. Anayekana, halafu ikaja kuonekana ni kweli, huyo anapandishiwa. Na akizidi kukaidi anatengwa, hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Wanaanza juu kwa makusudi ili mtu aogope, halafu wazee wanamwombea, inashuka. Baba amekaa kwenye mikutano hiyo umri wake wote. Vijana wangapi amewashauri wakubali!

Na baba mdogo alikuwa ameshamfikia kabla yangu. Alikuwa amemwambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nilipomkuta nje ya lango la gereza nilimwambia Mungu ampende baadaye, kwanza atoke. Baba mdogo akasema mimi nimesoma mpaka nimeanza kuwafundisha wakubwa kusema uongo. Nikampita nikaingia ndani. Ningemjibu tungegombana pale pale mbele ya askari magereza.

Baba alikuwa amekonda, lakini alikaa wima. Ananiita mayu, kwa Kisukuma ni mama, ndivyo wanavyowaita binti zao. Aliuliza ng'ombe, akauliza mvua, akauliza kama binti ameshika mimba. Nikamjibu yote, halafu nikamweleza habari ya dari na sakafu. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kisukuma, ambacho hakina neno zuri la sakafu. Akasema nyumba yetu sakafu ni udongo, ukitaka kushuka unachimba. Alikuwa ananitania, akijaribu kunichekesha. Nikamwambia ni miaka ishirini. Akasema hiyo ni ya kuanzia, wazee wote wanaanza juu.

Nikamwomba aseme si kweli. Nilimwomba kama sijawahi kumwomba kitu, nikapiga magoti pale sakafuni, askari akageuza uso.

"Lakini ule mkia ni wangu, mayu."

"Baba, mahakamani si kweli maana yake siyo si kweli. Maana yake ni thibitisheni."

Akafikiri. Namjua akifikiri kweli, anavuta ndevu zake za kidevuni. Halafu akasema, "Basi waniulize, tuthibitishe? Nitawaambia thibitisheni. Lakini wao wanauliza ni kweli."

Mpaka leo, nikikaa kwenye cherehani, natafuta jibu la kumpa. Kwa nini wasiulize hivyo? Muda ukaisha, nikatoka. Nilimwambia wakili kwamba nimejaribu. Akasema labda akifika pale atabadilika, wengine hubadilika. Mume wangu, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwahi kuamka kabla yangu, alinichemshia chai asubuhi ile ya kesi.

Usinga ulikuwa juu ya meza ya mahakama, umefungwa kikaratasi shingoni. Nilikuwa sijauona tangu nilipoolewa. Ulionekana mdogo. Baba alipanda kizimbani akautazama huo kwanza, ndipo akamtazama hakimu, akaamkia. Karani akasoma. Safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakimu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akamuuliza ni kweli au si kweli.

Wakili alikuwa amemgeukia. Mimi nilikuwa nimeshika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

"Ni kweli, mheshimiwa," baba akasema.

Hakimu hakukimbilia kuandika. Lazima niseme haki yake. Alimuuliza kama ameelewa shitaka, akamwelezea upya polepole, akamwambia kosa hilo adhabu yake ni kubwa na anaweza kukana kama anaona vingine. Wakili akaomba dakika chache, akapewa, akaenda kumnong'oneza. Baba akamsikiliza kwa heshima nyingi. Upande wa mashtaka ukasoma maelezo, moja moja: kwamba siku ile alikuwa kwenye gari, kweli. Kwamba alikutwa na mkia huu, kweli. Kwamba ni mkia wa twiga, kweli, na hapo akatabasamu kidogo, ndiye aliyewaambia. Kwamba hana kibali. Kweli. Sauti yake ilikuwa safi, na nilijua ile sauti. Ndiyo sauti ya mtu anayeona jambo lake linakwenda vizuri, anayekubali upesi ili watu wasichoke naye.

Wakili akaomba huruma. Akasema umri, akasema usinga ni wa urithi, akasema hajawahi kukosa. Hakimu alisikiliza yote, akaandika yote. Akavua miwani. Akasema ameona mvi za mshitakiwa na ameona unyoofu wake, na laiti sheria ingemwachia nafasi angeitumia, lakini sheria imemfunga mikono. Akataja miaka ishirini. Akasema ana haki ya kukata rufaa. Na kile kielelezo akaamuru kibaki mali ya serikali.

Shangazi nyuma yangu akaanza kulia, baba mdogo akakaa kama mtu aliyesahau kazi ya miguu. Baba alikuwa bado amesimama, anangoja. Alimtazama hakimu akikusanya karatasi, akatazama kulia na kushoto kama anatafuta wale wanaotakiwa kusimama sasa kumwombea. Hakuna aliyesimama. Askari akamgusa bega. Alipopita karibu nami aliomba asimame kidogo, na askari, kijana wa watu, akamruhusu.

Akaniinamia, akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, ili wengine wasisikie:

"Mayu, miaka ishirini ni ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia nakwenda kuuliza. Akaitikia kwa kichwa, akamfuata askari.